Kitufe cha "Ruhusu" nilichomfundisha mama mdogo

Saa tano usiku, Jumamosi moja ya Juni 2025, mama mdogo alinipigia kwa simu ya jirani. "Mwanangu, simu yangu inajiendesha." Alikuwa ameishika mkononi anaitazama. Kioo kinawaka, kurasa zinafunguka na kujifunga, na yeye hajagusa kitu. Nikamwambia aizime. Akabonyeza kitufe cha ubavuni, maneno ya kuzima yakatokea, kisha yakajiondoa yenyewe. Alijaribu mara tatu. Mpaka akili ilipomjia achomoe laini kwa ncha ya hereni, shilingi 1,380,000 zilikuwa zimeshahamia namba asiyoijua.

Fedha zile hazikuwa zake. Alikuwa mweka hazina wa kikoba cha wanawake 24 pale Ngamiani, Tanga, na zile zilikuwa hisa na marejesho yao.

Naandika haya kwa sababu njia aliyopitia mwizi niliichonga mimi, kwa nia njema kabisa, na najua wapo vijana wengine wenye ujuzi kidogo wa kompyuta wanaowachongea mama zao njia kama ile hivi leo.

Kikoba chao kina sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo wanashika wanawake watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila wote wapo, mbele ya wanachama, Jumapili alasiri. Nimelijua sanduku hilo tangu nikiwa mtoto. Lakini walipoanza kulipana kwa simu, sehemu kubwa ya fedha ikaacha kulala ndani yake. Ikawa inakaa kwenye laini ya mama mdogo, chini ya namba ya siri moja, kwa mtu mmoja. Hakuna aliyeliona hilo kuwa badiliko kubwa. Hata mimi niliye mhasibu sikuliona.

Nafanya kazi ya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, na usiku nilikuwa najifunza kuandika programu. Mwishoni mwa 2023 nikawaandikia ndogo, nikaiita Daftari. Inaweka hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii, na haihitaji bando. Ilikuwa kazi ya kwanza ya mikono yangu iliyomfaa mtu.

Njia ya duka la Google niliiangalia. Ada ni dola 25, unalipa mara moja. Lakini tangu Novemba 2023, mtu binafsi anayefungua akaunti mpya alitakiwa kwanza apate watu 20 wa kuijaribu programu yake kwa siku 14 mfululizo. Wanachama wenye simu za kupangusa za Android walikuwa 17. Ningeweza kuwatafuta majirani watatu, kazi ya jioni moja. Sikuwatafuta. Nilijiambia, kwa watu 17 duka la nini? Nikalirusha faili la APK, yaani faili la kusakinishia programu kwenye Android, katika kundi lao la WhatsApp.

Na hapa nataka nieleweke vizuri. Kule kurusha faili hakukuwa kosa. Kikundi cha wanawake kilikuwa na shida ambayo hakuna kampuni ingejisumbua kuitatua, mtoto wao akaitatua, na jioni ileile wakawa nayo mkononi bila kuomba idhini ya mtu aliye California. Mwanachama mmoja aliyeletewa iPhone na binti yake kutoka Muscat hakuipata. Kwa Apple, wenye iPhone, msanidi wa programu hulipa dola 99 kila mwaka, na nje ya duka lao hakuna mlango wa namna hii kwa watu wa kwetu. Yeye alibaki na karatasi. Nilimwonea huruma, na bado naamini simu ambayo mwenyewe hawezi kuweka ndani yake anachotaka haijawa yake sawasawa.

Kosa lilikuwa namna nilivyowafundisha.

Aprili 2024 tulikaa uani, simu 17 juu ya mkeka. Kila moja ilipokataa faili na kutoa onyo kwamba chanzo hiki hakijulikani, nilionyesha: ingia Mipangilio, washa "Ruhusu kutoka chanzo hiki", rudi, sakinisha. Likaja onyo la pili, la mlinzi wa Google anayekagua programu. Nikasema, "Hayo maonyo ni ya kawaida, bonyeza tu." Maneno hayo nayasikia mpaka leo. Tulipomaliza nikakiacha kitufe kimewashwa kwenye kila simu, ili nikituma toleo jingine wasisumbuke.

Ujue kitufe kile kinafanya nini. Zamani kilikuwa kimoja kwa simu nzima. Ukikiwasha, milango yote imefunguka. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, ruhusa inatolewa kwa programu moja moja: unairuhusu Chrome, au WhatsApp, au kifungua mafaili, kila mmoja peke yake. Ni mpango mzuri. Mimi katika zote nikaenda kuiruhusu WhatsApp, ambayo mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kukutumia faili kupitia kwake. Kama utalazimika kuweka programu ya nje, lihifadhi faili kwanza, lifungue kwa kifungua mafaili, kipe yeye ruhusa, na ukimaliza uizime palepale kabla hujaiweka simu mfukoni. Ni nusu dakika.

Kosa la pili lilikuja Agosti mwaka huohuo. Kila APK hutiwa saini na ufunguo wa aliyeitengeneza, na simu hukubali toleo jipya ikiwa tu limetiwa saini ileile. Ni ulinzi mkubwa, na haupitii duka lolote. Mtu akitengeneza Daftari bandia, simu itaikataa isikae juu ya ile ya kweli. Ufunguo wangu ulikuwa kwenye laputopu tu. Diski ikafa, na ufunguo ukafa nao. Ikabidi wanawake wote wafute programu na kuweka mpya, na kumbukumbu zikapotea. Tulizirudisha kutoka kwenye daftari la karatasi, wikiendi mbili za nauli na usingizi. Kama unawaandikia watu programu, nakala ya ufunguo huo iweke mahali pawili zaidi leo hii, pamoja na neno lake la siri. Ila hasara niliyokuja kuigundua baadaye ilikuwa nyingine: kwa mara ya pili niliwapitisha kwenye yale maonyo, kwa ujumbe wa sauti, na vidole vyao vikazoea.

Miezi kumi ikapita. Mwanachama mmoja alidanganywa akatoa tarakimu sita za WhatsApp yake, akaunti ikatekwa. Kutoka kwenye jina lake na picha yake likaja faili kwenye kundi: mwaliko wa harusi. Mama mdogo alikuwa kweli anangoja mwaliko. Akaligusa. Kwa kuwa WhatsApp ilishapewa ruhusa, swali la kwanza halikuulizwa. Onyo la pili akalipita. Kisha programu ikaomba iwashiwe Ufikivu, akawasha.

Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa sauti ndogo: "Si ulisema ni maonyo ya kawaida?"

Huo Ufikivu uliwekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wenye shida ya mikono. Programu iliyopewa inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza badala yako. Ikiongezewa na ruhusa ya kusoma meseji, inaona kila namba ya uthibitisho inayoingia. Jioni ile mama mdogo alinunua umeme wa LUKU kwa simu. Nadhani namba yake ya siri ilionekana hapo. Usiku wakaanza kazi.

Kuanzia Android 13 ya mwaka 2022 pana kizuizi zaidi. Programu iliyotoka nje ya duka hunyimwa Ufikivu mpaka mwenye simu aende mwenyewe kwenye maelezo ya programu hiyo na kuifungulia. Watu wengi wangeishia hapo. Simu ya mama mdogo ilikuwa ya Android 11.

Usiku ule nilifanya jambo moja sawa: nilipiga huduma kwa wateja kwa simu yangu na kumwunganisha, wafunge akaunti. Nilisubiri dakika arobaini nikisikiliza muziki. Shilingi 310,000 zilikutwa bado hazijatolewa kwa wakala, zikazuiwa. Zile nyingine zilikuwa zimekwenda. Likikupata, mpangilio ni huu: toa laini au zima data na waifai kwanza, pigia kampuni ya simu kwa simu nyingine, halafu ndipo ulie. Namba za siri zibadilishe kupitia simu safi, kamwe usitumie ile iliyoingiliwa. Tulipeleka namba ya tapeli kwenda 15040, na Jumatatu tukachukua RB, namba ya taarifa ya tukio, polisi. Bila RB, kampuni haikutaka hata kuzungumza habari ya zile zilizozuiwa.

Jumapili nilipanda basi la alfajiri. Nilitaka kuiwasha simu katika hali salama, ambayo programu zilizoongezwa hazifanyi kazi, niing'oe ile ya wizi. Simu ikakataa. Nikajaribu kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, menyu hiyo nayo imefungwa. Ndipo nikakumbuka kwamba ni simu ya mkopo. Alikuwa anailipia kidogo kidogo kila siku, na ndani yake kulikuwa na programu ya mkopeshaji yenye mamlaka ya juu kuliko mwenye simu. Siku ambayo rejesho likichelewa, simu inajifunga kwa mbali. Basi simu hii ilikuwa na kufuli, tena imara kuliko yoyote niliyowahi kuiona. Ufunguo ulikuwa kwa mkopeshaji, na kilicholindwa ni deni lake. Mamlaka yaleyale yangeweza kuzuia programu ngeni isipewe Ufikivu. Hayakutumika hivyo. Fedha ya wanawake 24 haikuwa na mlinzi ndani ya kifaa kilicholindwa vile, na ilinibidi mimi ningoje duka lifunguliwe Jumatatu ili nisafishe simu ya mama yangu mdogo. Hasira ya siku ile haijaniisha. Kabla hujachukua simu ya mkopo, uliza kwa maneno: mna uwezo gani juu ya simu hii, na nikiibiwa nampigia nani siku ya Jumapili?

Alasiri nilisimama mbele ya kikoba. Niliwaeleza kila kitu, pamoja na kitufe nilichokiacha kimewashwa kwenye simu zao zote. Hakuna aliyenitukana. Bibi mmoja, mshika ufunguo wa kwanza, alisema, "Ulitufundisha kufungua. Kufunga hukutufundisha." Tukachukua simu zote, tukazima.

Deni la 1,070,000 tuligawana. Mimi nililipa 600,000 kwa miezi mitatu. Mama mdogo alikataa katakata mfuko wa jamii usiguswe, akauza cherehani yake. Akajiuzulu uweka hazina. Kwa wiki kadhaa hakwenda sokoni asubuhi, alikwenda jioni watu wakipungua. Nilizungumza naye kila siku na sikujua la kumwambia.

Kwa hiyo Agosti 2025, Google ilipotangaza kwamba programu yoyote itakayowekwa kwenye simu za Android zilizoidhinishwa lazima itoke kwa msanidi aliyejitambulisha kwao, kuanzia Septemba 2026 huko Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, na kwingine kuanzia 2027, nilifurahi. Walisema wamekuta programu za wizi zaidi ya mara 50 kwenye mafaili ya mtandaoni kuliko kwenye duka lao. Niliamini, na bado naamini. Nilitamani wafunge kabisa, kesho.

Ilinichukua muda kutoka hapo. Kwenye simu yangu natumia F-Droid, hazina ya programu huria iliyoanza mwaka 2010, ambako kila mtu anaweza kusoma namna programu ilivyoandikwa. Septemba 2025 wakaandika kwamba sharti hilo la Google, jinsi lilivyo, litawamaliza. Hawa ni watu ambao hawajawahi kuniibia hata senti. Nikakumbuka pia mikopo ya mtandaoni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizofanya kazi bila kibali. Na ni Mei 2023 tu ambapo Google ilizikataza programu za mikopo zilizo dukani kwake kusoma picha za mkopaji na namba za watu alizohifadhi simuni. Kabla ya hapo, mtu aliyepita mlango rasmi kabisa aliweza kuamka asubuhi akute ndugu zake wote wametumiwa ujumbe kwamba anadaiwa. Mlango rasmi haukumkinga. Na palipo na mlango mmoja tu, anayeushika huamua, au huamuliwa: mwaka 2017 Apple iliziondoa programu za VPN, zinazosaidia kukwepa vizuizi vya mtandao, kwenye duka lake la China kwa kutii sheria za kule, na mwenye iPhone hakuwa na pa kwenda.

Novemba 2025, Google wakalegeza. Wakasema wataweka njia kwa wazoefu wanaokubali hatari, na akaunti nyepesi kwa wanafunzi na wanaojifunza, kwa simu chache. Ile ya pili ingenifaa mimi wa 2024 barabara. Kama wataitimiza vizuri, ni jambo la haki.

Kinachonivutia zaidi ni kinga waliyoanza kuijaribu Singapore mwaka 2024, baadaye Kenya na nchi nyingine: faili likitoka mtandaoni au kwenye programu ya kuchati, na linaomba kusoma meseji au Ufikivu, linazuiwa. Naona hilo ndilo swali sahihi. Daftari yangu haikuomba ruhusa hata moja, ingepita. Ule mwaliko wa harusi ungekwama. Mwaliko wa harusi unasoma meseji za nini? Hilo hata mtu asiyejua kusoma vizuri anaweza kufundishwa kuliuliza, nami sikulifundisha, kwa sababu nilikuwa na haraka programu yangu ionekane inafanya kazi.

Jingine ninalolitamani halipo kwenye simu zetu. Nataka mama mdogo aweze, kwa hiari yake, kunipa mimi au binti yake ufunguo wa pili, kama wa sanduku: akitaka kuipa programu ngeni mamlaka makubwa, simu ingoje mpaka mtu wake akubali, au ingoje kesho. Mwizi anategemea haraka na upweke wa saa tano usiku. Ufunguo huo uwe kwa mtu aliyemchagua mwenyewe. Usiwe kwa mkopeshaji, wala kwa mtengenezaji simu.

Daftari sasa iko dukani. Sharti la wajaribu lilishushwa kutoka 20 hadi 12 mnamo Desemba 2024, na Oktoba 2025 wanachama 16 waliijaribu kwa siku 14, kila mmoja akijua kwa nini. Nilijifunza mengi katika siku hizo kuliko miezi yote ya kabla, kwa hiyo nakushauri usiikwepe njia hiyo kama unaiweza. Fedha za kikoba zimehamishiwa kwenye akaunti ya kikundi, ambayo mtu mmoja hawezi kutoa peke yake. Hilo lingefanyika mwanzoni, wizi ule usingekuwepo, hata kama simu ingeingiliwa vilevile.

Wamebaki wawili wenye simu za Huawei za miaka ya karibuni, zisizo na duka la Google. Hao bado wanapata APK, kwa mkono wangu, uso kwa uso. Sitawaacha nje.

Januari 2026 nilikwenda na toleo jipya. Mama mdogo amerudi kwenye uongozi, safari hii ni mshika ufunguo wa pili. Niliponyoosha mkono kuichukua simu ya bibi mmoja wa hao wawili, alinitangulia. Alivaa miwani, akalifungua faili, akasoma onyo lote kwa sauti, neno kwa neno, wanawake wamenyamaza. Akanigeukia: "Inaomba nini?"

"Haiombi kitu, mama."

Akaangalia mwenyewe kwenye orodha ya ruhusa. Akasakinisha. Akarudi Mipangilio, akazima kitufe, akainyanyua simu juu ili wote wakione kimezima. Kisha akatoa ufunguo kwenye kitenge, na sanduku likafunguliwa.